Mkwe Aliyefungua Mlango: Kwa Mama Rosaline Nakhungu

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu asubuhi ile ya Juni ulipotuacha nyumbani kwako Bungoma, dirisha likiwa wazi kama ulivyotaka. Bado tunajisahau. Jumapili baada ya kanisa Linet huanza kupiga namba yako, halafu anakumbuka, halafu anaiweka simu mezani.

Sokoni wanakuulizia. Wanawake wa safu ya mboga wanasema "kwa Rosaline" ingawa mezani pako anauza mwingine. Miaka ishirini na sita uliuza mrenda, saga na kunde pale, na hakuna aliyeondoka bila nyongeza. Ulikuwa ukishafunga fungu unamtazama mteja usoni, kisha unachomeka majani mengine mawili matatu. "Hiyo ni ya mtoto," ulisema, hata kwa mtu asiye na mtoto. Waendesha baiskeli waliokubebea magunia, vijana kwa wazee, wote uliwaita baba.

Ulikuwa mpole, lakini kwa jambo la heshima hukulegeza hata kidogo. Ndiyo maana leo tunataka kusimulia habari ya Gathii, mume wa binti yako Linet na baba wa mjukuu wako Joy, kwa sababu yeye mwenyewe hataisema.

Gathii ni mtu wa Matisi, Kitale. Kazi yake ni kuangua vifaranga kwa mashine. Kwenu Wabukusu, kama ulivyolelewa, mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawali pamoja, wala hawalali chini ya paa moja. Kwa miaka tisa Gathii alikusalimu akiwa amesimama ng'ambo ya ua, nawe ukamjibu ukitazama migomba. Hakukuwa na chuki yoyote. Ilikuwa heshima, na mlipeana kwa kipimo sawa.

Kisha madaktari wakaikuta saratani kwenye titi. Walikupangia dawa ya mshipani mara sita, kila baada ya wiki tatu, katika hospitali moja ya Kitale. Eliakim, mwanao wa kwanza, alikuwa kazini mbali. Linet alikuwa akifundisha Cheptais na kurudi Matisi Ijumaa jioni. Aliyeshinda nyumbani kila siku alikuwa Gathii.

Ulikataa siku nne nzima kwenda kukaa kwao Matisi.

"Ati nikatapike mbele ya mkwe?" ulimwuliza ndugu yako, Mjomba Levi. "Si heri nife na adabu yangu?"

Mjomba Levi ndiye aliyepata njia. Ungekaa katika chumba cha nje, chenye paa lake na mlango wake. Gathii alitoa magunia yaliyokuwa humo, akapaka chokaa, akasugua sakafu mara tatu kwa dawa, na kuku wote akawahamishia kwa jirani yake Mbugua, ili uchafu wao usikukaribie. Ulikubali kwa sharti moja. Ulilisema ukiwa ndani, naye akiwa nje.

"Baba Joy, siku utakayoingia hapa ndiyo siku nitakayofunga mzigo wangu. Na dawa yenyewe nitaiacha."

"Nimesikia, Mama."

Kwa hiyo alikuhudumia kupitia mlango. Muuguzi Chepkemei alikuwa amewapa kipimo cha joto na maagizo: "Dawa hii inaua ugonjwa, lakini inaua na askari wa mwili. Mama akifika thelathini na nane, msingoje. Msimpe panadol, msiite watu wa maombi kwanza. Mje, mtaomba njiani." Asubuhi, mchana na jioni Gathii alisimama nje na daftari lake, wewe ukamsomea namba kutoka ndani, akaandika.

Dawa ilikutesa, Mama. Harufu ya kitunguu kikikaangwa ilikutapisha, basi akahamishia jiko nyuma ya nyumba, upande usio na upepo wa kwako. Kila kijiko kilikuwa na ladha ya msumari, akakuchongea cha mti. Nywele zilipoanza kubaki kwenye mto, ulimwomba Linet azimalize kwa wembe, na tangu hapo hukuonekana bila kitambaa, hata na sisi. Kisha vikaja vidonda vya mdomo, na kitu pekee kilichoteremka bila kukuchoma kilikuwa mrenda. Gathii, aliyekuwa akiucheka mrenda kwamba ni mboga inayomfuata mtu hadi mlangoni, akajifunza kuupika.

"Huu umepikwa na nani?" uliuliza siku ya kwanza.

"Na mimi, Mama."

"Umevutika kama kamba ya ng'ombe. Umetia magadi kiasi gani?"

"Kijiko."

"Kijiko! Unapikia mtu au unafua blanketi?" Ukameza kijiko kingine. "Lakini umeshuka. Kesho utie robo."

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yenu, na yalienda vizuri hadi dawa ya tatu.

Siku ya kumi na moja baada ya dawa hiyo, Alhamisi mchana, Gathii alikuwa ametoka kusoma joto la mashine ya vifaranga. Aliandika, akafungua ukurasa wako, akaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake siku mbili. Thelathini na sita na nusu. Thelathini na sita na nusu. Mara sita mfululizo, wala nukta moja haikupanda wala kushuka. Mashine yake ina kifaa cha umeme cha kulinda joto, na haijawahi kumpa namba moja mara sita. Itakuwaje mwili wa mtu aliye mgonjwa?

Akaja mlangoni.

"Mama, hebu kisome tena."

"Si nimeshasema? Thelathini na sita na nusu."

"Nipitishie hicho kipimo chini ya mlango nikione."

"Kiko mbali."

"Chumba ni hatua tatu, Mama."

"Baba Joy, nenda ukaangalie mayai yako, bana."

Ulijaribu kuyasema kwa ukali, lakini neno "mayai" lilivunjika katikati, na akasikia meno yako yakigongana.

Alibaki amesimama na daftari. Akiingia akakuta uko mzima, ungerudi Bungoma na dawa ingeachwa, tena kwa sababu yake. Asipoingia, na muuguzi ndiye aliyesema kweli, asingepata nafasi ya kuomba msamaha. Alimpigia Linet. Linet alikuwa darasani, simu haikupokelewa. Alimpigia Mjomba Levi.

"Kuingia?" Mjomba alisema. "Hapana, mkwe. Ngoja kwanza niwaulize wazee."

"Mjomba, wazee watampima joto?"

Akakata simu. Hakuwahi kumkatia mtu mzima simu maishani mwake.

"Mama, naingia. Nisamehe."

"Usithubutu!"

Komeo lilikuwa la mbao, alilipigilia mwenyewe. Alisukuma kwa bega mara moja.

Ulikuwa chini ya mablanketi mawili, unatetemeka, na kitambaa kimeanguka upande wa ukuta. Ulifunika kichwa kwa mikono yote miwili. Kabla ya kutafuta kipimo, kabla ya kitu kingine chochote, Gathii alivua kofia yake ya sufu, akatazama pembeni, akakuvisha. Ndipo akapima. Thelathini na tisa na nukta moja.

Alikubeba mgongoni hadi kwa Mbugua, kwenye pikapu ya kusambazia chakula cha kuku. Njiani ulimpiga ngumi mbili mgongoni, hafifu, halafu ukalishika shati lake na hukuliachilia hadi hospitalini.

Walikuta chembe nyeupe za damu zimekaribia kwisha. Ulitundikiwa dawa siku tano. "Mngengoja jioni," Chepkemei alimwambia Gathii, "saa hii tungekuwa tunaongea mengine." Linet alifika usiku huo huo kutoka Cheptais akiwa bado na chaki mikononi.

Siku ya tatu ulimwita Gathii. Alisimama miguuni mwa kitanda akitazama dirisha.

"Nilikuwa nakiona kile kipimo," ulisema. "Tangu juzi yake kilikuwa kinapanda. Ningesema thelathini na nane ungeingia, na sikuwa na nguvu ya kufunga kitambaa."

Gathii alijibu bila kugeuka.

"Mama, mimi naangua vifaranga. Hakuna kichwa kinachonishtua."

Ulicheka hadi mpira wa dawa ukatikisika na muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

Kwa miezi mingi Gathii alijilaumu kwa zile namba sita, kwamba aliziandika kwa mwandiko mzuri bila kuuliza. Tumemwambia, na tunalisema hapa ili alione limeandikwa: hatumlaumu. Wala wewe hatukulaumu, Mama. Uliilinda heshima yako kwa namna uliyofundishwa, na ulikuwa umebaki nayo hiyo tu wakati ugonjwa ulikuwa umechukua vingine vyote.

Mzigo hukufunga. Ulipotoka hospitalini, Mjomba Levi alikuja Matisi na wazee wawili kuondoa haya kati yenu, kama inavyofanywa nyumbani. Gathii alikupa blanketi. Wewe ulimpa kuku. "Kuku kwa mtu wa vifaranga mia tatu!" Linet alilalamika. "Hao ni wa mashine," ulimjibu. "Huyu ana mama." Jioni hiyo mlikula meza moja kwa mara ya kwanza, nyote wawili mmeinamia sahani kama watoto waliokaripiwa.

Ulimaliza dawa zote sita. Vidole vilikufa ganzi, ukawa huwezi kuchambua mrenda, basi mliketi juani, yeye akichambua na wewe ukimwonyesha kwa kidevu jani lililokomaa. Nywele zikarudi, nyeupe, laini kuliko za zamani. Ukarudi sokoni. Tulipata miaka miwili nawe, na hatuihesabu kuwa michache.

Ugonjwa uliporudi, safari hii kwenye ini, ulisema imetosha, kwa sauti ile ile ya kumwambia mteja kwamba kunde zimekwisha. Tulikuuguza Bungoma. Sote tulijaribu kukuinua, nawe ukawa unakunja uso. "Mwiteni Baba Joy. Ninyi mnanishika kama gunia." Naye alikuwa akija kutoka Kitale, mara tatu kwa wiki, mara nyingine nne.

Siku ya kukuzika, walipokuja kulichukua jeneza, kulitokea minong'ono. Mzee mmoja alisema wazi kwamba mkwe hashiki jeneza la mama mkwe, ajitenge na asimame na wageni. Gathii alikuwa ameshaanza kurudi nyuma, kofia mkononi. Mjomba Levi, yule yule aliyetaka kuwauliza wazee, akamshika mkono.

"Alimbeba akiwa anatetemeka," alisema. "Leo ametulia, ndiyo tumnyang'anye?"

Gathii akashika upande wa mbele, wa kichwani, akakuteremsha taratibu.

Ibada ya kukukumbuka itafanyika nyumbani Bungoma Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Majirani wa Matisi na wenzako wa sokoni mnakaribishwa.

Wanaokukumbuka ni wanao Eliakim na mkewe Jentrix, na Linet. Mjukuu wako Joy. Ndugu yako Levi. Wanawake wa safu ya mboga. Na mwanao Gathii, ambaye tumekubaliana asiandikwe tena mkwe.

Siku zote za maisha yetu, Mama, tutakukumbuka.