Mvua ya Beni Iliyotangazwa Butembo

Mususa, Butembo
Tarehe 2 Aprili 2024

Mpendwa yaya Esdras, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Hali yako huko Kisangani? Mgongo umeacha kukusumbua? Mkeo Bénite na watoto wanaendeleaje? Sisi huku ni wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Moyo ndio haujatulia. Nina hasira wiki ya tatu sasa, na leo lazima nikutolee yote.

Unajua kazi yangu katika ofisi ya kilimo ya kanisa. Kila Alhamisi nachukua mtandaoni utabiri wa mvua wa siku kumi, naingiza katika programu ya kompyuta, nayo inachora: mstari wa buluu ni Beni, pale uwanja wa ndege wa Mavivi, na mwekundu ni Butembo. Juu yake naweka mvua ambayo mwalimu Kavuo anapima kila asubuhi shuleni kwake hapa Mususa, ili nione kama utabiri uliopita ulisema kweli. Tangu Desemba mstari mwekundu ulikuwa umekosea mara mbili tu.

Tarehe 7 Machi mchoro ulikuwa wazi hata kwa mtoto. Beni, mvua nyingi kuanzia Jumanne. Butembo, hakuna kitu, mstari umelala chini siku zote kumi. Nikampelekea chef Ananie, mkubwa wa ofisi yetu.

Unajua alifanya nini? Mwaka jana waumini wa Beni na wa Butembo waligombana, kila upande ukidai ofisi inapendelea wenzao. Basi yeye akaona amepata dawa. Akaniambia, “Tamar, batu ya Beni na ya Butembo ni Bakristo bamoja. Donc, fanya moyenne, utoe mustari moja, kusikuwe ugomvi.”

Nilimweleza kwamba kule ni chini kwenye joto, sisi tuko mlimani, na mvua haikatwi katikati kama mkate. Alicheka tu. Anafikiri mawingu nayo ni wajumbe wa mkutano! Akachanganya mistari mwenyewe, ikatoka mvua ya wastani ambayo haikuwapo Beni wala Butembo, na chini yake akaandika jina langu.

Jumapili ikasomwa kwenye matangazo, baada ya mahubiri. Nawe unajua kwetu: kinachosomwa pale mbele hakuna anayekipinga, watu wanakibeba nyumbani pamoja na Neno. Jumatatu mlima mzima ulikuwa na majembe.

Mama mdogo Orpa alipanda mbegu zake zote za maharage, ndoo mbili, zile alizochagua punje kwa punje tangu mavuno. Manyunyu yakapita siku moja, zikaota, kisha jua likazichoma zote. Mvua yenyewe ilifika tarehe 25. Sasa mvua ipo na mbegu hana. Mwanamke aliyetulea sisi wawili tangu mama afariki, msimu huu hatakuwa na shamba!

Na chef bado anataka niwaambie watu kwamba mpango wa Mungu ulibadilika. Mungu amefanya nini hapo? Mistari ilikuwa miwili, ni yeye aliyeifuta.

Jana, Jumatatu ya Pasaka, nilimpelekea mama mdogo mchoro wangu wa kwanza, nijitetee. Nikamwonyesha mstari wa Butembo. Akaufuata kwa kidole, polepole, mpaka siku aliyopanda. Akaniuliza, “Siku ile banasoma tangazo, ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua, mama.”

“Na ulikuwa unaikala mu chorale.”

Akarudi jikoni. Ni kweli, nilikaa pale kwenye kwaya, nikaacha lisomwe. Tangu hapo simwoni chef Ananie kuwa mkosaji peke yake, na hilo linaniuma kuliko yote. Jumapili hii, wakati wa matangazo, nitasimama na mchoro wangu mbele ya watu. Wanifukuze kazi wakitaka.

Mpe Bénite salamu zangu, na watoto uwakumbatie mmoja mmoja. Jirani zetu Eliane na mumewe Muyisa wanakusalimu sana. Bwana awalinde njiani na nyumbani, awape afya na amani.

Salamu za mama mdogo sina. Hakunituma.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Tamar Kanyere