Kamba ya Kushoto

Wete, 21 Januari 2024

Baba yangu, shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mjukuu wako Fakhriya mzima, mimi nusu.

Talib kanipiga tena, safari hii kwa kasia. Jino limetoka. Simu kaitupa kisimani, ndiyo maana nakuandikia barua, atakuletea Bi Duni akirudi Fundo kutoka kuuza pweza. Nataka talaka yangu na mwanangu, basi.

Mwanao,
Rahila

Fundo, 24 Januari 2024

Mwanangu, marahaba. Kifua hakijambo, ila tangu nisome barua yako chakula hakishuki.

Leo mumeo kaniletea mashua yake. Kanibusu mkono, eti, "Baba, mlingoti wayumba, nikazie kamba." Nimemkazia. Ile ya kushoto nimeikata nusu, nikaizungushia uzi isionekane. Upepo wa kushoto ukija na nguvu, mlingoti utaanguka kulia, juu yake.

Unajua ada yetu, fundi aliyekaza mlingoti hupanda safari ya kwanza na mwenye chombo. Jumapili nitapanda. Mie najua pa kukaa, yeye hajui.

Babako

Wete, 26 Januari 2024

Baba, shikamoo. Habari za afya tuziache.

Usifanye! Jana Talib kakubali mbele ya sheha wa mtaa wetu: Ijumaa ijayo ananiandikia talaka, na Fakhriya naondoka naye. Siku saba tu, baba! Itoe hiyo kamba, utie nzima. Namtaka hai, na akili zake timamu, mpaka atie saini.

Mwanao,
Rahila

Fundo, 29 Januari 2024

Mwanangu, nakusalimu kwa aibu. Bi Duni alikuwa msibani Chake Chake, barua yako nimeipata leo.

Jana tulitoka. Nilimketisha kulia. Upepo ulipopiga, kamba ikakatika, mlingoti ukampasua kichwa. Damu ilichanganyika na maji ya chomboni ikanifika vifundoni. Nilifurahi, Rahila. Nilimtazama kwanza, nikashiba, ndipo nikawaita wavuvi watuvute.

Kapelekwa hospitali, wanasema hajafa. Niambie la kufanya.

Babako

Wete, 11 Februari 2024

Baba, leo sikuamkii. Fakhriya mzima.

Talib karudi kutoka hospitali. Haongei, mkono hauandiki. Ijumaa ile mashahidi walimfuata wodini na karatasi, akawakodolea macho tu. Shehe wa msikiti kasema tusubiri apate fahamu. Ndugu zake wanasema mke hamkimbii mgonjwa, na mtoto haendi popote. Wanaamini ni ajali. Nimenyamaza kwa ajili yako.

Namgeuza, namfulia, namlisha. Jana uji ulimtoka mdomoni, nikampiga kofi. Nikaongeza la pili, kwa nguvu zaidi. Nilipogeuka, Fakhriya alikuwa mlangoni kaziba mdomo kwa mikono miwili, vilevile alivyokuwa akifanya babake akinipiga mimi.

Mwanao,
Rahila