Sahani ya Mtoto Asiye na Darasa

Nekesa, rafiki yangu,

Leo asubuhi msimamizi mpya wa mpango wa chakula amewaambia wazazi, hapo shuleni kwako Kiganjo, kwamba kuanzia Jumatatu mtoto asiye na darasa hatapewa sahani. Amesema mpango ni wa wanafunzi. Amesema pia kwamba sahani zinazotoka jikoni ni nyingi kuliko watoto walioandikishwa, kwa hivyo kuna mtu anaiba.

Mwizi huyo ni wewe. Nimeona afadhali uipate habari hii kutoka kwangu.

Amekuja baada yako, na hakuna aliyemweleza habari za mikebe. Mimi nilikuwepo. Watoto walikuwa wanakula nusu ya githeri, yale mahindi na maharagwe ya shule, nusu wanaificha kwenye mikebe ya siagi wawapelekee wadogo wao nyumbani. Mwalimu mkuu alidhani ni tamaa, akapiga marufuku mikebe. Githeri ikahamia kwenye mifuko ya sweta. Wewe ulicheka. "Hawa wamelelewa," ulisema. "Umeona wapi mtu akitoka kwa sherehe bila kufungiwa chakula?" Ni kweli. Hata siku tulipokuzika kule Bungoma, dada yako hakuturuhusu kupanda gari mikono mitupu.

Lakini githeri iliyoshinda kwenye sweta huchacha. Baraka, mdogo wake Atieno wa darasa la tatu, aliila akahara nusura afe. Ndipo ukaweka sheria yako: chakula kisitoke, mdogo aingie. Tangu hapo, kengele ya mlo ikilia, mama au jirani anamfikisha mdogo getini, mtoto anaketi kwenye mkeka kando ya jikoni, anakula hapo hapo, kama ulivyokuwa ukisimamia.

Siku muuguzi alipompima Baraka mkono kwa ule utepe wa rangi wa kupimia utapiamlo, ulisoma nyekundu, rangi ya hatari. Nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu, miguu imevimba. Mhariri wangu alitaka picha yake akiwa amevuliwa shati. Ulisimama katikati ya kamera na mtoto. "Wewe mtu wa gazeti, ukitaka mbavu enda buchari." Urafiki wetu ulianzia hapo.

Wiki iliyopita utepe ulisoma manjano. Wewe ulikuwa ukituonya kwamba manjano si kupona. Ni mtoto anayeweza kuelekea upande wowote. Mama yake anafanya kibarua kwenye mashamba ya kahawa huku kwetu Ruiru, na siku ambayo hakuna kazi, sahani ya shule ndiyo chakula chote cha Baraka. Ikiondolewa, najua rangi itaelekea wapi. Msimamizi anajua pia, kwa sababu nilimuuliza. Alinijibu, "Madam, mimi natekeleza tu."

Alipoona wazazi wamechafuka, alileta maridhiano. Kila mwanafunzi ampunguzie mdogo wake kijiko kimoja kimoja. "Si mnasema mnapendana?" Wengine walianza kupiga makofi. Nekesa, hapo ndipo nilitazama mlango wa jikoni, pale ulipokuwa ukisimama na mikono umeikunja. Nilitazama tu. Mazoea.

Mama Atieno alisimama, bado ana gambuti za shambani.

"Boss, Atieno alikuwa anapunguza kabla wewe ujue hii shule. Wakakonda wote wawili. Sisi hatuombi kijiko. Tunataka sahani."

"Utaratibu ni lazima mtoto awe ameandikishwa," msimamizi akasema.

"Haiya!" akadakia mama anayeuza mboga za sukuma wiki hapo getini. "Kwani njaa nayo inangojea mtu aandikishwe?"

"Basi waandike darasa la mkeka!" mwingine akapaaza sauti kutoka nyuma. Kicheko kikalipuka, mpaka mwalimu mkuu akainamia viatu vyake. Msimamizi hakucheka.

Nilimwambia jina la mwizi wake. Nilimweleza kwamba zile sahani za ziada ziliwekwa na mwalimu aliyefariki, kwamba hakuna aliyezila isipokuwa watoto, na kwamba mkeka bado upo, akitaka aukague. Akasema kanuni haijabadilika, na kwamba Jumatatu atakuja mwenyewe kuhakikisha. Karibu sana, nikamwambia.

Nimeshaiandika habari hii. Inatoka kesho. Mhariri ameuliza kama nina picha, nikampa ya Baraka amejaza mashavu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Akasema haioneshi njaa. Nikamwambia inaonesha chakula, na chakula ndicho kinachogombewa.

Nimefika nyumbani Gatongora, huku Ruiru, na bado sijavua viatu. Silii kazini, unajua. Hapa si kazini.

Akina mama wamekubaliana. Jumatatu watawaleta wadogo wote kama kawaida, wataketi nao kwenye mkeka, na hakuna atakayeinuka kabla ya mtoto wa mwisho kula. Mpishi amesema sufuria itakuwa ile ile kubwa. Sitakuombea upumzike, hukuwahi kupenda kukaa. Kwaheri, mwalimu. Ninakuahidi kwamba nitaketi nao, na kalamu ikiwa wazi, na msimamizi akitaka kumnyima Baraka itabidi amnyime mbele yangu.

Kengele ya mlo ni saa saba.