Mbaazi Zilizokataa Kuiva

Mama,

Leo sikuamkii. Nikianza na shikamoo nitalainika kabla sijasema, na nimekukasirikia.

Tangu tulipokuzika, Shangazi Mwajuma amehamia kwetu kutoka Misungwi. Anafua, anapika, anamwogesha Salimu. Hapo sina la kumlaumu. Lakini Salimu hali. Anakaa mbele ya ugali na sato, anachokoachokoa, halafu anauliza sambar, ule mchuzi wako wa mbaazi, itapikwa lini. Shangazi anamwambia, "Mtoto wa Mwanza unakataa samaki! Mchuzi wa babu yenu Mhindi kaondoka nao mama yenu. Utazoea tu."

Umeondoka nao. Nilitaka kumjibu, Mama. Unanijua. Nilifungua mdomo nikaomba chumvi.

Ijumaa Shangazi alipovuka ziwa kwenda Kamanga, niliingia jikoni. Viungo vyote nilivijua. Mbaazi zilizokobolewa, bamia, bilinganya, maganda ya mlonge, haradali inayorukaruka kwenye mafuta. Nilivijua kwa kusikia na kunusa kutoka sebuleni, maana kila nikikanyaga jikoni ulinitoa na mwiko: "Toka, utanuka vitunguu. Kasome. Jiko halikimbii."

Basi nikafanya kama tunavyofanya wote huku tukipika samaki: ukwaju kwanza, tena mwingi. Nikamwaga mbaazi humo, nikabandika. Mkaa ukaisha, nikaongeza. Baba akarudi kutoka msikitini, mbaazi ngumu. Shangazi akarudi, ngumu vilevile. Akatafuna moja, ikalia kwenye jino.

"Mawe ya Mwanza hayatutoshi, mpaka tuyale?"

Salimu akalia. Alidhani nimefanya makusudi.

Ndipo Baba akasema, taratibu, kama mtu anayejisemea: "Ndiyo maana mama yenu alikuwa ananituma ukwaju chungu kikishaiva. Nilikuwa nanung'unika, kwa nini hakuniambia nilipokuwa sokoni."

Kumbe uchachu wa ukwaju ndio uliozizuia mbaazi kulainika. Nililia bafuni, bomba likiwa wazi. Mama, darasani naweza kueleza asidi kwa Kiingereza mpaka mwalimu ananipigia makofi. Wewe hukuniambia maneno mawili ya Kiswahili: ukwaju mwisho. Ulikuwa unaumwa. Ulijua unaondoka. Ulikuwa unakoroga huku umeshika ukuta, na bado ukanifukuza niende kwenye vitabu, kana kwamba vitabu ndivyo vingemlisha Salimu! Watu msibani walisema ulikuwa mama mwenye subira. Niliitikia kwa kichwa. Moyoni nilisema ulikuwa mchoyo. Nimeshaandika, siwezi kufuta.

Jana nimepika tena. Mbaazi tupu kwanza, mpaka zikapondeka zenyewe. Kisha mboga. Ukwaju mwisho kabisa. Shangazi alisimama mlangoni, mikono kiunoni: "Haya, fundi wa kokoto, tuone." Alikula. Akaongeza, akisema anasafisha sufuria tu. Baba aliinamia sahani hata baada ya chakula kwisha.

Salimu alionja, akaniangalia. "Siyo ya Mama."

Akala yote.

Baadaye alinifuata jikoni akitaka kushika kisu. Nikasikia sauti yako inanipanda kooni, ile ile ya kumtoa. Nimeimeza, Mama. Nikampa bamia, nikamwonyesha kisu kinavyoshikwa ili asijikate. Alizikata vibaya, kubwa na ndogo. Nikaziacha hivyohivyo kwa ajili ya leo.

Nakuahidi: ninachokijua mimi Salimu atakijua, na atakijua mapema, kabla hajalazimika kukitafuta kwa kubahatisha. Hata akinisumbua. Hata nikiwa na mtihani kesho yake.

Pumzika, Mama. Dua nakuombea kila ninaposali, usidhani hasira imezizuia. Yenyewe bado ipo. Siku itakapoisha nitakuja mpaka makaburini nikuambie, tena kwa sauti, hata kama kuna watu.

Mwanao,
Zainabu