Alama za Penseli Tulizozifuta

Mwaka mmoja umetimia wiki hii, baba watoto, tangu adhuhuri ile uliposema unajilaza kidogo kabla ya mazoezi ya saa tisa. Hukuamka. Viatu ulikuwa umeshavipiga rangi na kuvipanga mlangoni, soksi ndani yake.

Ni mimi mkeo ninayeandika. Watoto wamesema hawawezi, na wifi yangu, dada yako, tukimwachia ataweka maneno makubwa mpaka wasomaji wa gazeti wadhani tulikuwa na waziri nyumbani. Kwa hiyo nimekaa mezani peke yangu, na nimechoka, nisikufiche. Mwaka huu umenimaliza.

Kwa wasiokujua, ulikuwa mtunza nota wa okestra ya jiji kwa miaka ishirini na mbili. Kila mpiga ala ana karatasi zake za muziki, na karatasi zote zilipita mikononi mwako. Ulizipokea zikija za kukodi, ukazigawa, ukasikiliza mazoezi, na kila walichokubaliana ukakiandika kwenye karatasi ya kila mmoja wao. Hapa vuteni pumzi. Hapa shusheni sauti. Wanamuziki ishirini na nane, neno lile lile mara ishirini na nane. Wakakuita Mzee Penseli hata kabla hujaota mvi, na ulilipenda jina hilo kuliko ulilopewa na baba yako.

Ulikuwa mpole, lakini una masharti. Penseli iwe laini, mkono uwe mwepesi, na kalamu ya wino isivuke kizingiti cha chumba chako. Nakumbuka yule mpiga tarumbeta aliyeandika kwa wino wa bluu. Hukumgombeza. Ulimletea chai, ukakaa naye mnaitazama ile karatasi pamoja, mpaka akaomba radhi mwenyewe. Nakumbuka pia ulivyokuwa ukila huku unagonga meza kwa kidole. Nikikuuliza chakula kimekosa nini, unajibu, "Subiri, nimebakiza kurasa mbili."

Tamasha likiisha karatasi zilikuja nyumbani kufutwa, maana za kukodi hurudishwa safi kama zilivyokuja. Hiyo ilikuwa kazi ya familia nzima. Jumapili baada ya kula meza inapanguswa, kila mtu anashika raba yake. Binti yetu mkubwa alijua kufuta kabla hajajua kuandika. Mdogo wake, ambaye leo ni fundi umeme na anajiona mtu, alikuwa anapewa kurasa za ngoma kubwa kwa sababu zina alama chache. Nawe unapita nyuma yetu unakagua. "Hapa pamebaki mkia," unasema, na kweli pamebaki mkia wa herufi. Wageni walitushangaa. Sisi tulidhani kila nyumba ina raba tano.

Miaka yako mitatu ya mwisho uliipa Msimu wa Mchanganyiko. Jiji lilitaka matamasha sita kila mwaka: okestra na vijana wa kufokafoka, fidla nne na bendi ya dansi ndani ya maktaba, kwaya na magitaa ya umeme. Baadhi ya wenzako walinuna, wakasema sasa tutapiga hata honi. Wewe ulirudi nyumbani umechangamka. Uliniambia, "Mama, hawa watu wote wanahesabu moja mpaka nne. Ila hawajawahi kukaa pamoja wakaambiana."

Tamasha la mwisho la msimu ule lilikuwa la mpiga ngoma asiyesoma nota. Ni mtu mzima, fundi wa gereji, ana mikono mikubwa na aibu nyingi. Okestra ipige muziki wa zamani, wa karatasi za kukodi, naye aingie katikati yake na ngoma zake kwa nusu saa nzima. Kwa kuwa hasomi, kila kitu kilikubaliwa kwa mdomo, mazoezi tisa, na wewe ukaandika. Mtazame mpiga ngoma, si mwongozaji. Usigeuze ukurasa sasa. Hapa tumsubiri. Hakuna mtu mwingine aliyeandika lolote. Waandike ya nini, na wewe upo?

Ukatutoka siku ya mazoezi ya kumi. Tamasha likaahirishwa mpaka msimu wa mwaka huu, lakini hilo sisi hatukuambiwa. Wifi alisikia msibani kwamba halipo tena, na wifi akisikia jambo, basi limekuwa.

Wiki ya tatu baada ya kukuzika nililiona sanduku la karatasi za tamasha lile juu ya kabati, limeandikwa tarehe ya kurudishwa kwa mkono wako. Zilibaki siku nne. Binti yako akasema, "Baba hajawahi kuchelewesha." Hatukujadiliana zaidi ya hapo. Nilipangusa meza, nikagawa raba, wifi akaleta miwani yake. Tulifuta siku mbili mfululizo. Kila neno nililisoma kwanza, kisha nikalifuta, na mengine niliyafuta huku nalia. Nilidhani ndiko kukuaga. Mwanao alipitia karatasi zote mwisho kama ulivyokuwa ukifanya, akaona mikia miwili, akaiondoa.

Kesho yake mwongozaji wa okestra akaja, amevaa lile koti lake la kijivu.

"Mama, samahani kukusumbua. Nimefuata sanduku la nota za tamasha la ngoma. Waliotukodisha wametuongezea muda, na tamasha tumepewa tarehe mpya."

"Lipo tayari," nikamwambia. "Tumeshalisafisha lote. Hakuna hata nukta."

Alidhani natania. Akafungua karatasi ya kwanza, ya pili, akaruka mpaka ya kumi. Kisha akakaa kwenye kiti chako bila kukaribishwa.

"Nani amefuta?"

"Sisi sote."

"Haya," akasema taratibu. "Asanteni sana, mama." Alisema kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa na bibi yake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mume wangu, nilitaka kukuheshimu nikakufuta kwa mkono wangu mwenyewe. Sijui njia nyingine ya kulisema. Kazi yako ya mwisho, uliyoniambia ni bora kuliko zote, ilikuwa imelala mezani petu imekuwa vumbi la raba, na mimi ndiye niliyelifagia.

Ofisi ya msimu ilisema maandishi yale yasipopatikana upya wataweka tamasha jingine, la kawaida, lisilo na usumbufu. Nikaona hapana. Tulizipandisha karatasi dirishani tuone kama penseli imeacha alama, lakini mkono wako ulikuwa mwepesi mno. Ulitufundisha vizuri na ukaandika vizuri, na yote mawili yametuponza.

Basi wakaanza kuja. Wawili wawili, mchana, sebuleni kwetu, kila mmoja na alichokikumbuka, na binti yako anaandika. Mpiga fidla wa kwanza anasema walipunguza mwendo, mwenye selo, ile fidla kubwa, anasema waliongeza, nusura washikane mashati mbele ya chai yangu. Miezi saba, baba watoto. Nimeosha vikombe mpaka vidole vimekunjamana. Zipo siku nilijifungia jikoni nikatamani wote waende kwao wasirudi.

Mpiga ngoma alikuja kila Alhamisi akitoka gereji. Anakaa ukingoni mwa kiti asije akakichafua, anapiga kwa vidole mezani. Kulikuwa na mahali ngoma inakatika ghafla na okestra yote inanyamaza. Hapo kila siku tulikwama.

"Hapa mzee alituambia tusubiri," anasema.

"Mpaka lini?"

"Aliandika, mama. Mimi sikuuliza, si aliandika?"

Fidla wa kwanza alisema mnahesabu nne. Mwenye selo alisema mpaka mpiga ngoma ainue kichwa. Mwongozaji alikumbuka kwamba ulicheka ulipokuwa unaandika, basi. Na mimi najua niliisoma karatasi ile. Najua nilikuwa nimeishika na raba iko mkononi. Nimejitafuta kichwani usiku na mchana na sijapata. Watu wananiambia nisijilaumu, nawaitikia ili wanyamaze.

Tamasha limefanyika Jumapili, wiki mbili zilizopita, saa kumi jioni, ukumbi umejaa mpaka ngazini. Ulikuwa muziki mzuri. Wale walionuna walipiga kwa bidii kuliko wote. Mpiga ngoma alivaa shati jeupe na hakututazama hata mara moja. Nilikuwa mstari wa tatu kati ya binti yako na wifi, nimeshikilia mkoba.

Kisha wakafika pale. Ngoma ikakatika, okestra ikanyamaza. Mwongozaji mikono chini. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, na hakuna aliyepiga. Mpiga ngoma akainua kichwa, na bado hakuna aliyepiga. Mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, akaacha. Ndipo nikaona macho ya fidla wa kwanza yanakwenda kwenye mlango mdogo wa pembeni, ulipokuwa ukisimama wakati wa matamasha. Selo naye akatazama huko. Kisha mwingine, na mwingine, mpaka okestra nzima imeugeukia ule mlango, kimya, upinde juu ya nyuzi. Hawakuwa wanahesabu tena. Walikuwa wanakungoja uwaonyeshe. Nilitaka kusimama niwaambie waendelee tu, huji.

Mpiga ngoma ndiye aliyeanza, polepole, na wengine wakamfuata mpaka mwisho.

Tunakukumbuka sisi: mimi mkeo, unisamehe, binti yako mkubwa na mumewe, mwanao fundi umeme, wajukuu zako watatu, dada yako, ambaye tangu siku ile hajashika raba, na wanamuziki wako wote ishirini na nane, pamoja na mwongozaji na mpiga ngoma.

Uliyoandika yametupotea. Wewe hutatupotea kamwe.