Miguu ya Baba na Meza ya Bwana

Karakana ya Viatu,
Mlango unaofuata duka la magodoro,
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, tena shikamoo ya kupiga magoti kabisa, maana najua ukifika katikati ya barua hii utaidai. Hujambo lakini? Goti linasemaje? Ulituambia daktari amekukataza kupanda ngazi, nasi kwa jinsi tunavyokujua, tunajua unapanda. Na macho je, yale matone yanasaidia au bado unasomewa barua? Kama unasomewa, namsalimu msomaji pia, na ninamwomba asiruke sehemu.

Sisi huku wazima. Mume wangu anakusalimu, yuko na kazi yake ileile ya kufyatua matofali, anarudi jioni mweupe wa saruji mpaka kwenye nyusi. Mdogo wako, yaani baba, anakula vizuri, analala vizuri, na ukali wake haujapungua hata chembe. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na mguu wa kulia, lakini ulimi kilimwachia wote.

Sasa Shangazi, katika barua yako ulinionya nisibishane na baba juu ya Maandiko. Ulisema nimwache mzee apumzike, na kwamba mtoto hamfundishi mzazi Neno la Mungu. Onyo lako nililisoma mara mbili, nikalikunja vizuri, nikaliweka kwenye droo. Kisha nikaenda kubishana naye. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, ndipo unune.

Ulihama kabla hatujaingia kanisa hili, kwa hiyo acha nikueleze utaratibu wetu. Kabla ya Meza ya Bwana tunatawadhana miguu, kama Yesu alivyowafanyia wanafunzi wake. Wanaume wana chumba chao, wanawake chao. Mnakaa wawili wawili, beseni moja na taulo moja. Upande wa wanaume, msimamizi wa mabeseni alikuwa baba tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Alichemsha maji mwenyewe, akayapima kwa kiwiko kama ya kumwogeshea mtoto, akajifunga taulo, akapiga magoti. Mtu akivua kiatu, baba anautambua mguu kabla hajatazama uso, kwa kuwa kiatu chake kilishapita mikononi mwa baba hapa karakanani. Mume wangu ananiambia baba alikuwa akiwatania humohumo kwenye beseni, "Wewe unakanyagia nje, ndiyo maana soli zako zinaisha upande." Watu walipenda kuoshwa naye.

Meza ya kwanza baada ya kiharusi tulimpeleka kwa kiti cha magurudumu, amevaa koti lake la kijivu. Wazee wa kanisa walikuwa wamekaa na kumfikiria, tena kwa moyo mwema kabisa. Walisema Fundi asisumbuliwe kuvuliwa viatu mbele za watu, apumzike, watakutana naye mezani. Basi beseni likampita. Mkate ulipomfikia akatikisa kichwa, na shemasi akadhani hawezi kumeza.

Tangu hapo hakuigusa tena Meza ya Bwana. Kila ikikaribia, anapata mafua. Mafua ya baba yalikuwa na kalenda, Shangazi, na mimi si mjinga.

Siku moja nilikuwa nashona soli, yeye amekaa pale mlangoni anaposimamia kila kitu, nikamwuliza waziwazi. Akanijibu bila kunitazama.

"Mama, Bwana alimwambia Petro, nisipokutawadha huna sehemu kwangu. Beseni limenipita. Wewe unataka nielewe nini?"

"Wale ni wazee wa kanisa, baba. Si Bwana."

"Wazee wameona walichokiona. Utumishi wangu ulikuwa mkono huu. Mkono umekufa. Mtumwa asiye na faida hutupwa nje, kasome mwenyewe."

Niliiacha sindano ndani ya soli. Mzee wetu, aliyewaombea wagonjwa wa mtaa mzima, kumbe anakaa mlangoni kwangu kutwa akiamini Mungu amemfukuza kazi! Iliniuma mno. Nilikwenda stoo nikalia, halafu nikanawa uso, halafu nikakasirika, na mimi nikikasirika unanijua. Niliamua siku hiyohiyo kwamba Meza inayofuata beseni litasimama mbele ya baba, wapende wasipende, yeye akiwemo.

Ndipo ubishi wetu ulipoanza. Yeye alianza na Wafilipi, kwamba imetupasa kuutimiza wokovu wetu kwa kuogopa na kutetemeka. Nikamwambia asome na mstari unaofuata, unaosema Mungu ndiye afanyaye kazi ndani yetu. Baba husoma Biblia kama anavyokata ngozi, anachukua kipande anachokihitaji na kuacha kinachobaki. Akaja na Yakobo, kwamba imani bila matendo imekufa. Nikamwuliza kama Yakobo aliandika popote kwamba mwenye kiharusi amekufa imani. Akasema nina mdomo kama wako.

Kwenye mfano wa talanta, alikomtoa yule mtumwa wake, ndipo nilipombana. Nilimwambia yule mtumwa hakutupwa nje kwa sababu ya mkono uliopooza. Alikuwa na mikono yake miwili mizima, akaitumia kuchimba shimo! Tena alichimba kwa kuwa alimdhania bwana wake kuwa mtu mkali asiyesamehe. Baba alitaka kucheka, akajizuia, akaniambia gundi inakauka.

Nilimwekea pia Waefeso kwenye mapaja, akae nayo. Nikamwomba atazame mpangilio tu. Kwanza tunaokolewa kwa neema, wala si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Baada ya hapo ndipo Paulo anapoyataja matendo mema, kwamba tumeumbwa tuyafanye. Nikasema hata sisi hatupaki kiatu rangi kabla hakijashonwa. "Usinifundishe viatu," akasema.

Nilipoona simwezi peke yangu, nilikwenda kwa kiongozi wa wazee wa kanisa. Ni mwalimu mstaafu, rafiki wa baba, hushinda hapa karakanani akisoma gazeti kwa sauti. Nilipomweleza alishika kichwa. Alisema walidhani wanampa heshima. Halafu akasema jambo ambalo nimeshindwa kulitoa akilini mpaka leo. "Lakini Fundi hajawahi kutaka kuoshwa. Akishamaliza kutuosha sisi, tukimwambia zamu yako, anasema yeye ameshaoga nyumbani. Tunacheka, anakusanya mabeseni."

Nikamwuliza ni nani basi aliyewahi kumwosha. Akafikiri. Alidhani ni mchungaji. Tukamwuliza mchungaji, naye alidhani ni Mwalimu. Shangazi, katika miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuutia mguu wa baba majini, na kila mmoja aliamini mwenzake amefanya.

Nilirudi karakanani nikamfungulia Yohana yote, tangu Bwana anapoinuka mezani. Nikamwambia Petro naye alikataa kwa heshima tu, kama wewe. Hakujibiwa kwamba basi na ashike taulo. Aliambiwa akubali kuoshwa, na habari ya kuwaosha wengine ikafuata baada ya hapo. Nikasema, "Baba, wokovu haukutoka na mkono. Mkono haukuwahi kukuokoa hata ulipokuwa mzima."

Alinifukuza. Nilikaa kwenye ngazi za duka la magodoro nikijiambia pengine Shangazi alisema kweli. Baada ya muda akaniita, kwa sababu alitaka kwenda msalani na hawezi kusimama bila mimi. Tulikwenda polepole, uzito wake wote begani kwangu. Tulipofika nusu ya njia akasimama. "Mguu wenyewe umevimba," akasema. "Vidole vimejikunja. Mimi fundi viatu, mama, na sina kiatu kinachonienea."

Kumbe na aibu ilikuwamo. Nilimshika tu. Nilimwambia tutaupeleka hivyohivyo na ndara, naye hakusema ndiyo wala hapana. Kwa baba, hiyo ni ndiyo.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya Meza. Asubuhi alianza kukohoa, nikamwambia tutakohoa njiani. Nilimsukuma mpaka mlango wa chumba cha wanaume, na shemasi akanizuia.

"Dada, huku ni wanaume."

"Najua. Nimeleta mwanamume."

Mwalimu alitoka mwenyewe akakipokea kile kiti. Mimi nilitakiwa kwenda upande wetu, lakini mlango ulibaki wazi kidogo na sikuona sababu ya kuufunga. Mwalimu alijifunga taulo, akashuka chini kwa shida, mgongo wake nao si wa kuombewa dua moja. Baba akasogeza mguu wa kushoto, ule mzima. "Huu unatosha," akasema. Mwalimu akamjibu, "Yote miwili, Fundi," akauvua ule mwingine ndara, akauinua kwa mikono yake, akautia majini.

Baba alitazama dari. Kidevu kilianza kucheza, halafu akalia kwa sauti, Shangazi, kilio ambacho sikumsikia akilia hata tulipomzika mama. Hakuna aliyesogea mle ndani. Mwalimu aliendelea kuosha, kidole kwa kidole, wala hakuharakisha.

Alipomaliza kumfuta, alitaka kuinuka akatafute mwenzake mwingine wa kumwosha yeye, ili baba asisumbuke. Baba akamshika ukosi wa shati kwa mkono wa kushoto. "Unakwenda wapi? Kaa. Vua viatu." Ikabidi wanaume wawili wamteremshe baba kwenye benchi la chini, wengine wamshikilie asianguke. Alimwosha Mwalimu kwa mkono mmoja. Maji yalimwagika mpaka kizingitini nilikosimama, taulo lilidondoka likaokotwa na kudondoka tena, na kwaya huko kanisani ikarudia wimbo wake mpaka waimbaji wakaanza kutazamana. Hakuna aliyemwambia baba inatosha. Nilisimama pale nikaona nimeelewa Waefeso kuliko nilipokuwa nikiieleza. Kazi ilikuwa ileile, beseni lilelile, lakini safari hii hakuwa akitafuta kitu.

Mezani aliupokea mkate kwa mkono wa kushoto, akaula. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, na leso yangu usiiulize.

Basi hiyo ndiyo habari yangu, Shangazi. Kama nimekosa kwa kutokutii, nakuomba radhi kwa kutokutii tu. Kwa kubishana sikuombi radhi, maana ningeweza kumwacha apumzike kama mlivyotaka wote, naye angepumzika pale mlangoni akingoja kutupwa nje. Nisingekubali. Hata leo nisingekubali.

Nisalimie mjomba mnene na umwambie viatu vyake viko tayari tangu Pasaka. Nisalimie binamu Kicheko na watoto wake mapacha, wifi mkubwa, na yule jirani yako mshonaji anayekusindikiza kliniki. Mungu alitunze hilo goti lako, ayatie macho yako nuru, na akuketishe mahali ambapo wengine watakuhudumia wewe, maana na wewe hiyo ni shida yako, wewe na baba ni tumbo moja.

Nilitaka kufunga hapa, lakini baba amekaa kando yangu tangu nilipoanza kuandika. Ameniuliza kama nimekueleza alivyolia. Nimesema ndiyo, na amenuna. Sasa anataka niweke maneno yake mwenyewe, bila kuongeza langu. Yeye huyu, aliyewaongoza watu wengi sala ya toba, aliyehubiri kwenye harusi na misiba ya mtaa huu tangu sijazaliwa, anasema hivi, "Mwambie dada yangu kwamba nimeokoka."

Nimemwuliza, "Niandike lini, baba?"

Amesema, "Jana. Andika jana."

Wako akupendaye, hata ukininunia,
Binti wa Fundi