Nimesema Amelala

Shoga, upo? Usipige simu. Nimejifungia choo cha wauguzi, nikisikia sauti yako nitaangua kilio.

Yule bibi wa kitanda cha dirishani, yule anayechekesha wodi nzima, amekufa.

Amekufa, halafu mimi nikamwambia binti yake amelala!

Ni hivi. Saa ya kuona wagonjwa, binti kaja na supu. Mimi niko kitanda cha jirani nasafisha kidonda huku napiga soga, unaujua mdomo wangu. Nikamtupia bibi jicho, kajifunika shuka hadi kidevuni. Nikasema, "Dada, muache apumzike, usiku hakupata usingizi."

Sikumgusa. Sikumgusa, shoga!

Mtoto wa watu akakaa. Hata wageni wa kitanda cha pili akawanyamazisha, "Taratibu jamani, mama amelala." Supu ikapoa.

Sista mkuu akaja kupima presha. Akashika mkono, akaurudisha polepole. "Huyu kaondoka zamani. Nani alimwangalia mara ya mwisho?"

Mimi.

Binti hata hakupiga kelele. Kaniuliza tu, "Si ulisema amelala?" Halafu, "Nimemnong'oneza kuwa mjukuu wake amefaulu mtihani. Amenisikia?"

Nikasema, "Amekusikia."

Wewe Jumatatu unaanza wodini. Mguse mgonjwa kwanza, ndipo ufungue mdomo.

Sista ananigongea mlango. Bibi anatakiwa kuoshwa, na binti amesema nimwoshe mimi, kwa kuwa mama yake alinipenda.